Kichomi changu hakikuwa kichomi: ubavu ulivimba usiku mmoja

Mpakani_Busia:

Ndugu zangu, salamu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Nilihangaika siku nyingi nikitafuta mtu wa kunieleza jambo hili kwa Kiswahili cha kueleweka, nikamkosa.

Nina miaka 34. Kazi yangu ni kupakia na kupakua magunia ya mahindi kwenye maghala ya mpakani. Mwezi wa sita nilishikwa na mafua yenye kikohozi kikavu kilichokaa karibu wiki mbili, na kazi sikuacha. Alfajiri moja nikajigeuza kitandani nimwamshe kijana wetu aende shule, nikahisi kama nimedungwa msumari juu ya titi la kushoto, karibu na katikati ya kifua. Nikivuta pumzi ndefu, panachoma. Nikipiga chafya, machozi yananitoka. Mke wangu akawasha tochi ya simu, akapitisha kidole pale, akanyamaza. Kisha akasema, "Baba Hamisi, hapa pamevimba."

Palikuwa na kinundu kigumu, ukubwa wa nusu ya ndimu, hakisogei ukikisukuma. Ngozi juu yake haikuwa nyekundu, wala haikuwa na joto kuzidi sehemu nyingine. Lakini ukikigusa tu, naruka.

Mawazo yote yakaenda kwenye moyo. Baba yangu mdogo alianguka shambani mchana kweupe na hakuamka, na tuliambiwa ni moyo. Kwa hiyo asubuhi ile sikuwa na nguvu hata ya kuvaa viatu.

Duka la dawa la kwanza: "Hicho ni kichomi." Nikachomwa sindano, nikapewa antibiotiki za siku tano. Kliniki ya pili: "Kichomi, kimeshukia ubavuni." Sindano nyingine, vidonge vingine. Jirani naye: kichomi cha kutumiwa na mtu. Watu watatu, neno moja, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nivue shati. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko pesa niliyotoa.

Siku ya tisa nikapanda taksi kwenda hospitali iliyo mbali kidogo. Tabibu kijana akanivua shati, akaniketisha karibu na dirisha. Akaweka kidole kwenye kishimo cha chini ya koo, akashuka nacho polepole juu ya mfupa wa kidari mpaka kikagonga kituta kidogo kilicholala mlalo. Akachukua kidole changu mimi, akakiweka hapo. "Kila mtu ana kituta hiki," akasema. "Ukitoka hapa kwenda pembeni unakutana na ubavu wa pili. Sisi tunahesabia hapa." Kinundu changu kilikuwa hapohapo, pale ubavu wa pili unapoungana na kidari. Akanieleza kuwa mbavu hazifiki kwenye kidari zikiwa mfupa mtupu. Ncha yake ni gegedu, kama ile nyeupe tunayotafuna kwenye kidari cha kuku. Gegedu hiyo ndiyo iliyokuwa imevimba.

Alinipima presha, akanibandika zile waya za kupima moyo, akanipeleka eksirei, kisha ultrasaundi juu ya kinundu chenyewe kuona kama kuna usaha. Akanitahadharisha mapema kwamba eksirei haionyeshi gegedu. Alichotaka kuona ni mapafu na mifupa. Vyote vilikuwa salama.

Akaniandikia jina: ugonjwa wa Tietze. Ni jina la daktari mpasuaji wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1921. Si moyo, si saratani. Chanzo chake hakijulikani hasa, ila mara nyingi huja baada ya kikohozi kirefu au kazi ya kukaza kifua. Huwapata zaidi watu walio chini ya miaka 40, na kwa kawaida huvimba sehemu moja tu, kwenye ubavu wa pili au wa tatu. Akaniambia kuna ndugu yake wa karibu, kostokondraitisi, ambao unauma kwenye gegedu hizohizo, mara nyingi kadhaa kwa pamoja, lakini hauvimbi. Dawa nilizopewa ni ibuprofeni ya siku chache baada ya chakula, kukanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, na kuyaacha magunia.

Sasa naomba jambo moja. Naamini neno hili "kichomi" linafunika magonjwa mengi yasiyofanana. Kila aliyewahi kupata maumivu ya ghafla ya mbavu, au uvimbe kifuani, aeleze kilichokutwa. Sihitaji kutajiwa dawa. Nataka kujua ilikuwa nini hasa.

Sista_Mstaafu:

Pole sana, mwanangu. Mimi ni muuguzi mstaafu, niko Jinja, wodini nimekaa miaka 29. Umeeleza vizuri, lakini kuna kitu watu watakichukua vibaya. Watasema, "Nikibonyeza panauma, basi si moyo." Hapana. Nimepokea mgonjwa aliyeruka alipobonyezwa kifuani, na moyo wake ulikuwa na shida palepale. Kubonyeza kunampunguzia daktari shaka, hakumwondolei. Tabibu wako alifanya la maana kukupima moyo ingawa kinundu alikiona kwa macho yake.

Kifua kinachobana kama umewekewa mzigo, maumivu yakienda kwenye bega, mkono au taya, jasho la baridi, kichefuchefu, kizunguzungu cha kutaka kuanguka: ondokeni nyumbani, hata iwe saa nane za usiku. Pumzi ikikata ghafla, au mtu akikohoa damu, ni hivyohivyo, hasa kama mguu mmoja umevimba, au ni mama aliyejifungua juzi, au mtu aliyelala kitandani muda mrefu baada ya upasuaji. Damu iliyoganda mguuni inaweza kupanda mpaka kwenye pafu.

Na kichomi chenyewe, kile wazee walichokiita hivyo, mara nyingi ni nimonia au utando wa pafu ulioshika moto. Hapo utaona homa, kutetemeka, kikohozi, na pumzi fupifupi za haraka. Wewe hukuwa na homa. Mtu angekuuliza tu swali hilo moja, zile antibiotiki usingemeza.

Ibuprofeni na diklofenaki si za kujichukulia. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu, mjamzito, aulize kwanza.

Boda_Namakwekwe:

Mimi ni wa boda hapa Mbale. Mwaka jana mvua ilinyesha, nikateleza kwenye murram, usukani ukanigonga mbavu za kulia. Eksirei siku ileile ikasema hakuna mfupa uliovunjika. Wenzangu wa stej wakanionea huruma, wakanunua bandeji ya kuvutika, wakanifunga kifua kizima, imebana kweli. Nikaona nafuu maana kifua hakikuwa kinapanda. Siku ya sita homa, makohozi ya njano, nikalazwa na nimonia.

Daktari aliniambia mambo mawili ambayo sikuyajua. La kwanza, ufa mwembamba wa ubavu unaweza usionekane kwenye eksirei ya siku za mwanzo. La pili, ukifunga kifua, pafu la upande ule halijai, makohozi yanalala chini, na hapo ndipo nimonia inapoanzia. Bandeji ikafunguliwa. Nikafundishwa kukumbatia mto kwa nguvu mahali panapouma kila ninapotaka kukohoa, na kuvuta pumzi ndefu mara kumi kila saa hata kama inauma. Dawa ya maumivu alinipa ili niweze kupumua, si ili nirudi barabarani. Iliuma wiki sita.

Mwenzetu mwingine aliyegongwa na lori lilipokuwa linarudi nyuma, yake ilikuwa mbaya zaidi. Kifua kilivimba mpaka shingoni kama kimepulizwa. Nilimshika begani nimsaidie kukaa, vidole vyangu vikasikia kitu kinapasukapasuka chini ya ngozi, kama karatasi ya nailoni ukiikunja. Ilikuwa hewa. Ubavu ulikuwa umetoboa pafu. Walimtia mpira ubavuni, chupa yenye maji chini ya kitanda, kila akikohoa inatoa mapovu. Alipona, lakini tungechelewa tusingekuwa naye.

Sista_Mstaafu:

Boda, mwanangu, hilo la ngozi kutoa mlio chini ya vidole kila mtu alisikie. Niongeze: mtu akiumia mbavu za chini upande wa kushoto, chini yake kuna wengu, kulia kuna ini. Anaweza kuamka akatembea, akaomba na chai, halafu akaanza kuwa mweupe machoni, tumbo likawa gumu, bega la kushoto likauma bila sababu. Anavuja damu ndani. Msimpe chai, mpelekeni.

Pafu hutoboka hata bila ajali. Kijana mrefu, mwembamba, mara nyingi mvutaji, anainuka tu kwenye kiti, maumivu makali upande mmoja, pumzi zinakuwa fupi. Huyo naye si wa kungojea asubuhi.

Mwana_Arua:

Nimesoma nikaona ni lazima niandike. Uvimbe wangu mimi haukuja usiku mmoja, ila maumivu ndiyo yalikuja ghafla, na ndiyo yaliyonifanya nijiangalie kwenye kioo. Ulikuwa ubavuni, chini ya kwapa la kulia, laini kama ndizi iliyoiva sana, hauna joto. Mwenye kliniki moja ya mtaani akasema jipu. Akapasua kwa wembe, ukatoka usaha mwepesi, kama maziwa yaliyokatika. Akaziba, akasema nitapona kwa wiki moja.

Miezi minne kidonda hakikufunga. Kila asubuhi shati limeganda. Nilikonda, usiku nalowa jasho, na niliacha kwenda msikitini kwa sababu ya harufu.

Hospitali ya mkoa walichukua ule usaha wakauweka kwenye mashine ya GeneXpert, ikatoa kifua kikuu. Mimi sikuwa nakohoa! Makohozi yangu yalipopimwa hayakuonyesha kitu. Kumbe TB inaweza kukaa kwenye mfupa wa ubavu na kutengeneza jipu la baridi, lisilochoma. Nilimeza dawa mwaka mzima kwa kuwa ilikuwa imefika kwenye mfupa, si miezi 6 ile ya kawaida ya mapafu. Mkojo ulikuwa rangi ya machungwa, mke wangu akaogopa, lakini sista alikuwa ametuambia mapema kuwa ni dawa. Kwenye vituo vya serikali dawa hizo ni bure. Kidonda kilianza kukauka mwezi wa pili.

Naomba mtu yeyote asikubali kupasuliwa uvimbe wa kifuani kabla ya kujua ndani kuna nini.

Mzee_Bombo:

Wanangu, nawasoma kwa heshima. Lakini sisi tulikua tukiumikwa. Kichomi kikikaa ubavuni, mzee anaweka chuku, ile pembe ya kunyonya damu, anachanja kidogo, damu chafu inatoka, mtu anarudi shambani. Mbona tulipona?

Mpakani_Busia:

Shikamoo, mzee. Sikatai kuwa watu walipona. Ugonjwa wangu mimi ungepona hata bila chuku, tabibu alinieleza kuwa wengi hupona wenyewe kwa wiki au miezi kadhaa. Ningeumikwa siku ya kumi nikapata nafuu siku ya ishirini, ningelisifu chuku maisha yangu yote. Hofu yangu ni huyu ndugu wa Arua. Yeye akichanjwa, tunafungua mlango ambao haufungiki.

Mama_wa_Kambini:

Niko Lira, mume wangu ni askari. Mimi nazungumza kama mama wa mtoto wa selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu zinazopinda. Binti yangu ana miaka 9. Maumivu yake ya mbavu huanza kama umeme, anashika kifua kwa mikono miwili na anakataa hata kuongea. Mara ya kwanza nilidhani ameanguka shuleni. Mara nyingine pale kwenye ubavu panavimba kidogo na kuwa laini, maana chembe zile zilizopinda zimeziba njia ya damu kwenye mfupa.

Walitufundisha hivi: kama ni maumivu tu, maji mengi, joto, dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Lakini kifua kikiuma pamoja na homa, au akianza kuhema, au kukohoa, tusingoje nyumbani hata saa moja. Kwa watoto hawa pafu linaweza kuziba haraka. Mwaka juzi tulifika usiku akiwa na pumzi ya kuhesabu, akawekewa oksijeni na kuongezewa damu. Siku ya tatu aliomba mandazi, nikalia mbele ya wauguzi.

Nchi yetu ina watoto wengi wa namna hii. Uchunguzi wa kitaifa wa watoto wachanga uliotolewa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 wamebeba chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, yaani wabebaji, si wagonjwa, na huku kwetu kaskazini ni zaidi ya hapo. Kijana anayelia mbavu kila mara bila sababu, pimeni damu yake.

Mwanafunzi_Tororo:

Samahani sista, mimi sina uvimbe. Tangu juzi upande wa kulia wa mbavu unawaka kama nimemwagiwa maji ya moto. Hata shati likinigusa, nasikia uchungu. Ngozi haina kitu. Nimeambiwa ni kichomi.

Sista_Mstaafu:

Mwanangu, kajiangalie kesho asubuhi na keshokutwa mbele ya kioo. Kama vitatokea vipele vya maji vilivyojipanga upande mmoja, kutoka mgongoni kuja mbele, bila kuvuka katikati, hicho ni mkanda wa jeshi, Waganda wanakiita kisipi. Maumivu hutangulia vipele kwa siku chache, ndiyo maana watu wanakosea. Dawa ya asikloviri inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, kwa hiyo vikionekana tu, nenda siku hiyohiyo. Watakushauri kupima VVU, usiogope wala usione aibu. Ni kawaida kumpima kijana mwenye kisipi.

Tabibu_Kasese:

Nimefurahi kuukuta uzi huu. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne.

Kuna moja ambalo hamjaligusa, na ni la huku kwetu hasa: usaha ndani ya msuli. Madaktari wa Mulago wamekuwa wakiliandika tangu miaka ya 1960. Mara nyingi hukaa kwenye paja au matako, lakini nimeliona kifuani na chini ya bega. Linaanza na maumivu na homa, msuli unakuwa mgumu kama ubao, na katika hatua hiyo ukichoma sindano hupati usaha. Baada ya wiki moja au mbili ndipo unajikusanya. Linawapata watoto na vijana wenye nguvu kabisa, na zaidi wenye VVU. Hili ndilo la kufunguliwa na kutolewa usaha, pamoja na antibiotiki, na likicheleweshwa sumu inaingia kwenye damu. Kwa hiyo kuna uvimbe wa kifua unaotakiwa kupasuliwa, na kuna wa kutolewa kwa sindano tu, kama wa ndugu wa Arua. Ukiutazama kwa nje unaweza kuchanganya, ndiyo maana tunaomba ultrasaundi na sampuli.

Halafu mtu mzima, tuseme amepita miaka 50, mwenye uvimbe mgumu unaokua taratibu, unaouma zaidi usiku, au ubavu uliovunjika kwa kukohoa tu: huyo sipendi kumpa ibuprofeni na kumwambia arudi baada ya mwezi. Saratani ya titi, ya tezi dume, ya mapafu, zote hupenda kuhamia kwenye mbavu, na ipo inayoanzia kwenye uboho wa mfupa wenyewe. Anahitaji eksirei, damu, na mara nyingi kipande kidogo cha uvimbe kipelekwe maabara. Taasisi ya Saratani pale Mulago ipo tangu mwaka 1967, barua ya rufaa inatosha kukufikisha.

Na dada aliyeniuliza pembeni kuhusu ubavu "unaochezacheza" chini kabisa na kutoa sauti akijikunja: zile mbavu za 8, 9 na 10 hazishiki kidari moja kwa moja, zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Kamba ikilegea, moja inateleza juu ya mwenzake. Inauma sana lakini haiui.

Mpakani_Busia:

Leo ni wiki ya saba. Maumivu yameisha, chafya napiga bila kushika kifua. Kinundu bado nakisikia nikikitafuta, kimebaki kama punje ya hindi kubwa. Tabibu alisema uvimbe huchelewa kuondoka kuliko maumivu, nisikiminye kila siku. Nimerudi ghalani, lakini nahesabu magunia na kuandika. Kubeba naanza mwezi ujao, nusu gunia kwanza.

Nilipitia lile duka la dawa la kwanza. Sikwenda kugombana. Nilimwonyesha binti wa pale kile kituta cha kwenye kidari, akakitafuta kwake mwenyewe mpaka akakipata.

Mzee_Bombo:

Wanangu, narudi. Nina mjukuu wa miaka 15. Ana kinundu ubavuni mgongoni, wiki ya tano sasa, hakina joto, na jioni anachoka sana. Nilikuwa nimeshatayarisha chuku. Jana nilipomaliza kusoma maneno ya huyu wa Arua nikairudisha kwenye sanduku.

Mwana_Arua:

Mzee wangu, anatoka jasho usiku? Amepungua?

Mzee_Bombo:

Kaptula ya shule tunamfunga kwa kamba.

Nimempeleka leo asubuhi. Wametoa usaha kwa sindano, hawakupasua. Wameuweka kwenye kichupa wakaandika jina lake. Nimeambiwa nije kuchukua majibu kesho kutwa, na wadogo zake wote nije nao wapimwe.